Dawa Waliyogawana Nusu kwa Nusu

Yote nitakayosimulia hapa ni kweli tupu. Naapa kwa spana zangu. Naapa kwa magoti yangu yanayolia kama bawaba kavu. Nilifanya kazi ya ufundi bomba mpaka nikastaafu, na fundi bomba hawezi kuzoea uongo. Akidanganya, maji yanamuumbua papo hapo.

Mke wangu watu wanamwita Mama Hapana, kwa kuwa hilo ndilo neno lake la kwanza asubuhi. Aliposikia ninaandika hadithi hii, alisimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Hapana," alisema. "Utatia chumvi."

"Sitatia hata punje."

"Basi tuwekeane dau. Ukimaliza, mimi na jirani yetu Muuguzi tutaisoma. Kila uongo tutakaoukamata, utafua beseni moja. Kwa mikono yako mwenyewe."

"Nitafua nini?"

"Utaambiwa."

Nikakubali. Mtu mkweli kama mimi aogope nini?

Sasa nianze. Nina mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu. Sisi ndio tuliomlea. Anaitwa Sindano, kwa sababu ya cherehani yake, na kidogo kwa sababu ya ulimi wake. Mumewe anaitwa Makochi. Kazi yake ni kutengeneza makochi yaliyochoka. Wanafanya kazi pamoja katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Ukiingia utakuta kochi limelala chali, miguu juu, kama mbuzi aliyegoma. Makochi anavuta springi, misumari ameibana midomoni. Sindano ameketi dirishani anashona vitambaa. Chini kuna vipande vya sponji kila mahali. Hata kwenye chai utakuta kipande.

Hawa wawili wana tabia moja inayojulikana mtaa mzima. Kila kitu wanagawana nusu kwa nusu. Mkate wanaukata katikati. Soda moja, glasi mbili. Sabuni mpya haiingii bafuni kabla haijakatwa vipande viwili. Hata mwavuli wanao mmoja. Mvua ikinyesha, kila mmoja analowa bega moja.

"Ndiyo mapenzi hayo," Makochi alikuwa akisema.

"Ndiyo ubahili huo," mimi nilikuwa nikimjibu. "Nunua mwavuli, mkwe!"

Lakini kulikuwa na kitu kimoja hawakuwa nacho cha kugawana. Hawakuwa na mtoto. Miaka ilipita. Mwishowe walienda kwenye kliniki ya kupandikiza mimba. Pale daktari huchukua mayai ya mama na mbegu za baba, akavikutanisha maabara. Yai likikutana na mbegu, huwa mwanzo kabisa wa mtoto. Mwanzo huo huitwa kiinitete. Kisha daktari hukiweka kwenye tumbo la uzazi la mama, na wote wanasubiri kuona kama kitashika.

Cha kwanza hakikushika.

Sindano alirudi kwenye cherehani yake. Alishona wiki nzima bila kumtania mtu. Nyinyi hamumjui. Mimi nilimjua tangu hajaota meno, na ukimya ule uliniogopesha.

Jumapili moja walikuja kwetu kula. Sindano aliweka kijiko chini.

"Mjomba, kimebaki kiinitete kimoja. Kimehifadhiwa kwenye baridi kali. Daktari anasema mayai yangu yamepungua, kupata mengine itakuwa vigumu sana."

"Kwa hiyo ni hicho tu?" nikauliza.

"Ni hicho tu. Nimeshaamua. Tunaenda wiki hii wakiweke. Sitaki kusubiri tena."

"Vizuri!" nikasema. "Kazi ya haraka ndiyo kazi."

"Hapana," akasema mke wangu, lakini tulishazoea.

Hapo hodi ikabishwa. Alikuwa Muuguzi, jirani yetu wa ukuta mmoja. Yeye hufanya kazi katika kliniki ya afya ya uzazi. Alikuja kulalamika kwamba koki yangu inavuja na maji yanaingia upande wake. Naomba msiniulize kwa nini koki ya fundi bomba ilikuwa inavuja. Hiyo ni hadithi nyingine.

Mke wangu alimkaribisha mezani. Sindano akamweleza mambo yake, maana Muuguzi ni mtu anayejua kusikiliza. Haangalii saa, haangalii simu.

"Pole sana, mdogo wangu," alisema. "Naomba nikuulize kabla hujaenda. Walishajua kwa nini cha kwanza hakikushika?"

"Walisema mara nyingine hutokea tu, bila sababu."

"Ni kweli, hutokea. Lakini mara nyingine sababu ipo na inatibika. Uliwahi kuugua huku chini ya kitovu? Maumivu? Uchafu wenye harufu? Homa?"

Sindano alifikiri. "Zamani. Mwaka tuliooana. Niliumwa sana tumbo la chini, na huo uchafu ulikuwepo. Nikaenda zahanati, wakanipa dawa. Nikapona."

"Kliniki uliwaambia?"

"Waliniuliza kama nina ugonjwa. Nikasema sina. Nilishapona, Dada. Niwaambie nini?"

"Dawa ulimaliza?"

"Haikubaki hata moja," Makochi akadakia. Alisema kwa fahari kama mtu aliyefaulu mtihani. "Pakiti nzima iliisha. Nilihakikisha mwenyewe."

Muuguzi akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mimi pia nikaridhika. Mambo yalikuwa yameisha hapo.

Sasa sikilizeni. Mke wangu alikuwa ameleta mkate. Makochi akachukua kisu, akakata kipande chao nusu kwa nusu, akasukuma nusu moja kwenye sahani ya Sindano. Hata hakuangalia. Mkono ulijiendea wenyewe. Kisha akamimina soda, nusu huku, nusu kule.

Muuguzi alikuwa akimtazama. Akaweka kikombe chini polepole.

"Shemeji," alisema. "Ile pakiti ya dawa. Aliimaliza nani?"

"Sisi," akasema Makochi.

"Sisi nani?"

"Mimi na mke wangu. Zahanati walimwambia, mumeo naye atibiwe. Basi tukagawana."

"Nusu kwa nusu?"

"Nusu kwa nusu," akajibu Makochi. Kisha sauti yake ikapungua. "Tulikosea?"

Koki yangu ndiyo iliyosikika, to, to, to.

Muuguzi hakucheka wala hakukaripia. Mpaka leo namshukuru kwa hilo. Alivuta kiti akakaa karibu na Makochi.

"Niambie wewe mwenye kazi yako. Mtu amemwaga ndoo ya maji kwenye kochi. Akafuta juu kwa kitambaa, akaliweka juani asubuhi moja. Kochi limepona?"

Makochi akatabasamu kidogo. "Thubutu! Kitambaa kitakauka. Ukipapasa utasema kavu. Lakini sponji ndani bado ina maji. Inaoza taratibu. Springi zinashika kutu. Unakuja kujua baada ya muda, likishanuka."

"Basi ndivyo ilivyokuwa. Dawa ile ilikuwa ya mtu mmoja. Kila mmoja wenu alipata nusu. Vijidudu vilivyo dhaifu vikafa, maumivu yakaondoka, kitambaa kikakauka. Vijidudu vilivyobaki vikakaa ndani kwenye sponji."

"Lakini mimi sikuwa naumwa popote," akasema Makochi.

"Wengi hawaumwi popote, wanaume kwa wanawake. Mtu anaweza kuwa na maambukizi bila dalili yoyote, na bado akamwambukiza mwenzake. Ndiyo maana walisema nawe utibiwe. Walimaanisha uende, upimwe, upewe dozi yako kamili."

Sindano aliuliza kwa sauti ndogo, "Na vikibaki ndani, vinafanya nini?"

"Mwili unapigana navyo. Ukijikata kidole, si unaona kinavimba, kinakuwa chekundu na cha moto? Hiyo ni vita ya mwili. Vita ikiisha, kidole kinapona. Lakini vita isiyoisha inaharibu mahali inapopiganwa. Mirija ya uzazi ni myembamba sana. Ikivimba muda mrefu, inapata makovu. Inaweza kuziba, hata kujaa maji. Mimba nayo inaweza kukwama ndani ya mrija, na hiyo ni hatari kwa uhai wa mama. Na ukuta wa tumbo la uzazi ukivimba, kiinitete kinapata shida kushika. Ni kama kupanda mbegu mahali penye ugomvi."

"Na kwa mwanamume?" akauliza Makochi.

"Mbegu zinaweza kuchoka, zikashindwa kuogelea vizuri."

Mimi nikaona huu ni wakati wangu. Nikakohoa.

"Kama ni mirija kuziba," nikasema, "mimi ndiye fundi. Niliwahi kuzibua bomba la hoteli nikatoa blanketi, kiatu, na kambare mzima aliye hai, akanipungia pezi kushukuru. Sindano ajioshe ndani kwa maji ya moto na chumvi, na sabuni kidogo, mrija utafunguka."

"Mjomba!" Muuguzi aliinua kidole. "Usimwambie mtu hivyo hata kwa utani. Mwanamke hajioshi ndani. Sabuni na chumvi zinaua ulinzi wa mwili, na maji yanaweza kusukuma vijidudu juu zaidi. Nje, maji safi yanatosha. Ndani panajisafisha penyewe."

"Nimesikia," nikasema.

"Hapana, hujasikia," akasema mke wangu. "Rudia."

Nikarudia, neno kwa neno, kama mtoto wa chekechea.

Sindano alikuwa ameshika nusu yake ya mkate bila kuila. "Dada, unataka kusema nisiende wiki hii."

"Nataka uende. Lakini nenda ukawaambie habari ya ile pakiti. Mwombe daktari aangalie kwanza. Kiinitete kwenye baridi kinaweza kusubiri. Hakiharibiki kwa kusubiri miezi michache."

"Sisi tumesubiri miaka."

"Najua, mdogo wangu. Ndiyo maana sitaki usubiri bure tena."

Makochi alikuwa ameinama. "Ni mimi niliyeigawa," alisema. "Nilidhani ni mapenzi."

"Yalikuwa mapenzi," akasema Sindano. Akampa kipande cha mkate wake, kwa hiyo yeye akabaki na robo. "Twende tukaseme."

Wakaenda. Nami nikawasindikiza, na waya wangu wa kuzibulia mabomba nimeufunga kwenye gazeti, kwa lolote litakalotokea. Mlinzi wa getini akaufungua, akanitazama, akabaki nao.

Daktari alikuwa mama mfupi, miwani kichwani, na alisikiliza habari ya pakiti mpaka mwisho. "Ahsanteni kwa kuniambia," alisema. "Hili ni jambo kubwa." Aliwapima wote wawili. Walipiga picha za mirija, wakachukua kipande kidogo kabisa cha ukuta wa tumbo la uzazi wakakipima. Mbegu za Makochi nazo zikapimwa.

Majibu yalikuwa kama Muuguzi alivyohofu. Ukuta wa tumbo la uzazi ulikuwa umevimba. Makochi alikuwa na maambukizi bila kuhisi chochote. Na mrija mmoja wa Sindano ulikuwa umeziba kule mwisho na kujaa maji.

"Sasa dawa," akasema daktari. Aliweka pakiti mbili mezani, moja mbele ya kila mmoja. "Hii ni ya mama. Hii ni ya baba. Mnywe kwa saa, mpaka ziishe, hata mkijisikia wazima. Mpaka mmalize na tuwapime tena, hakuna kukutana kimwili. Na hizi hazigawanywi."

"Hazigawanywi," wakaitikia pamoja.

Makochi alipofika nyumbani alichukua kalamu nene ya kuchorea vitambaa. Akaandika kwenye pakiti yake MUME, na kwenye nyingine MKE. Akaziweka kwenye rafu mbili tofauti, kila moja ukuta wake. Wiki hizo ziliwatesa kuliko mvua. Ungemwona Makochi anameza kidonge chake huku mkono mwingine unatafuta kisu.

Walipopimwa tena, maambukizi yalikuwa yameisha. Ukuta umetulia. Lakini ule mrija uliojaa maji ulibaki vilevile.

"Dawa haiwezi kufuta kovu," akasema daktari. "Maji yaliyo ndani ya mrija huu yanavuja kurudi kwenye tumbo la uzazi. Yanaweza kukisumbua kiinitete, hata kukisukuma kisishike. Nashauri tuuondoe kabla ya kupandikiza. Ni upasuaji wa matundu madogo."

Sindano alisimama. "Hapana. Nimekuja kutafuta mtoto, sasa mnataka kuninyofoa? Nikibaki na nusu ya mwanamke nitamzaaje?"

Alitoka nje. Nilimkuta kwenye benchi la ukumbini, anakunja ncha ya kitambaa chake, anaikunjua, anaikunja tena.

"Mjomba, usinichekeshe leo."

"Sikuchekeshi." Nikakaa. "Nitakuambia kitu cha kazi yangu. Ukiwa na tangi safi la maji, na bomba moja limeoza na linarudisha uchafu ndani ya tangi, utafanyaje?"

"Utasafisha tangi."

"Na kesho?"

"Uchafu utarudi."

"Bomba hilo unalikata, mama. Unaziba pale. Tangi linabaki tangi."

"Na mtoto atapita wapi?"

Nilikuwa sijui. Fundi mzuri akiwa hajui huuliza mwenye kujua. Tukarudi ndani, nikamuuliza daktari.

"Swali zuri," alisema. "Kwa njia hii ya kupandikiza, kiinitete hakipiti kwenye mrija. Kimeshatengenezwa maabara. Tunakiweka moja kwa moja kwenye tumbo la uzazi. Mrija ule haukusaidii tena, unakudhuru tu." Kisha akanigeukia. "Fundi, wewe ungekuwa daktari, ungeniondoa kazini."

Sindano alimtazama mumewe. "Wewe unasemaje?"

"Mwili ni wako," akasema Makochi. "Hilo siwezi kuligawa. Lakini nitakuwa hapa mlangoni."

"Je, mtaniahidi kitashika?" Sindano akamuuliza daktari.

"Siwezi kuahidi. Hakuna daktari mkweli anayeahidi. Naweza kusema tu kwamba njia itakuwa nzuri kuliko mara ya kwanza."

Sindano akavuta pumzi. "Basi uondoeni."

Wakauondoa. Akapona vizuri. Baada ya muda daktari aliridhika, kile kiinitete kimoja kikatolewa kwenye baridi, kikawekwa mahali pake. Ilichukua muda mfupi kuliko kubadilisha koki. Kisha tukaanza kungoja. Makochi alipigilia misumari kochi lile lile mara mbili. Mke wangu aliacha kusema hapana, nyumba ikawa ya ajabu.

Siku ya majibu tulijaa kwenye ukumbi wa kliniki. Muuguzi alikuja pia, amebadilishana zamu kwa ajili yetu. Mlango ukafunguliwa. Sindano akatoka. Akainua tu kidole kimoja.

Kimoja. Kimeshika.

Makochi alikaa chini sakafuni palepale. Mke wangu akamkumbatia Muuguzi. Mimi nilisimama imara kama nguzo. Sikutoa hata chozi moja.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, sauti kama king'ora. Ana miezi kadhaa sasa. Makochi amenunua mwavuli wa pili. Ukutani kwenye karakana yao, kati ya vitambaa vya makochi, ameandika kwa kalamu ile nene: DAWA HAIGAWANYWI. Wateja wanasoma, wanauliza, na Sindano anawaeleza bila aibu. Wanawake wawili wa mtaani wameshaenda kupimwa, na waume zao wameenda nao. Hilo nalo nalishukuru.

Nilifikiri hadithi imeishia hapo. Nikaipeleka mezani. Mama Hapana akavaa miwani. Muuguzi akakaa upande wake, Sindano na Makochi wakasimama nyuma. Walisoma kimya, nami nikapiga mluzi.

"Habari za ugonjwa na dawa," akasema Muuguzi, "zote ni sahihi. Watu wasome."

"Mnaona!" nikasema.

"Subiri," akasema mke wangu. "Kambare aliye hai?"

"Alikuwa mdogo."

"Hapana. Beseni la kwanza. Na daktari alikuambia ungemwondoa kazini?"

"Alimwambia akae nje, anaegemea mashine," akasema Sindano.

"La pili. Huu waya kwenye gazeti?"

"Huo ni kweli," akasema Makochi. "Mlinzi bado anao."

"Ni kweli, kwa aibu yangu," mke wangu akakubali. Akafunua ukurasa wa mwisho. Akasoma, akavua miwani. "Nguzo? Wewe ulikuwa nguzo?"

"Nilikuwa na mafua."

"Mjomba, ulilia mpaka mfanyausafi akaleta deki," akasema Sindano. "Ulimshika Muuguzi mikono yote miwili, ukawa unasema ahsante, ahsante, mpaka akakuomba umwachie akapenge kamasi. Yeye mwenyewe alikuwa analia."

Muuguzi akageuka kutazama dirisha. "Ni kweli," alisema.

Mabeseni matatu yaliletwa uani, yamejaa nepi za kitambaa, nyeupe na nyingine si nyeupe tena. Makochi akakunja mikono ya shati na kuchuchumaa ng'ambo ya beseni la kwanza.

"Lete nusu, Mjomba."

"Ondoka hapo," nikamwambia. "Hizi hazigawanywi."

Nikafua zote peke yangu. Na ile koki yangu haikuvuja hata tone. Naapa kwa spana zangu.